Usihubiri Wakati Tunasikiliza Hatua

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa msomaji ambaye si mtu wa salamu hiyo, mbukwenyi, karibu tu.

Kijana mmoja wa parishi ya jirani ameniandikia WhatsApp. Amesikia kwamba nacheza PUBG, gemu ya kupigana kwenye simu, na watu wa kila aina, naye ana mzigo wa kuwahubiria wachezaji wenzake. Anauliza: "Dada, nafungua maiki ya wote, au naandika mistari kwenye chati?" Nimeanza kumjibu nikaona dole gumba linachoka, nikasema ngoja nilimalizie huku, maana najua hayuko peke yake.

Jibu la haraka ni hili: achana na maiki ya wote. Fungua ya skwadi, yaani ya kikosi chako. Na ukishaifungua, kaa kimya kwanza.

Asiyecheza anivumilie kidogo. PUBG Mobile, iliyotoka mwaka 2018, inawashusha watu hadi mia moja kwenye ramani moja, mara nyingi kwa vikosi vya wanne wanne. Erangel, ramani ya tangu mwanzo, ina kilomita nane kwa nane. Mnaruka kutoka kwenye ndege, mnaokota silaha na dawa, na huku zoni, yaani eneo salama, inazidi kusinyaa na kuwasogeza karibu karibu. Baada ya nusu saa hivi mnakuta mmebaki vikosi viwili au vitatu kwenye kipande cha ardhi ambacho ukikohoa unasikika. Hapo macho hayana kazi kubwa, kila mtu amelala kwenye nyasi. Kazi ni ya masikio. Hatua za mtu kwenye sakafu ya mbao zinalia tofauti na hatua zake kwenye majani, na mchezaji mzuri anakwambia adui yuko ghorofani, upande wa kushoto, amevuka mlango.

Sasa kuna dogo mmoja alijiunga nasi, mtu wa Mungu kabisa, moyo wake safi. Tulikuwa tumebaki wanne wetu na kikosi kimoja tu. Mwenzetu wa Manyoni yuko ndani ya nyumba amejikunyata nyuma ya mlango, anasikiliza. Dogo akaona ndiyo nafasi. Akaanza Yohana 3:16, kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Wa Manyoni anamwambia, "Kaka, hatua. Kaka, hatua!" Dogo akapandisha sauti. Hatukusikia kitu mpaka mlango umefunguka. Tulikwenda mmoja mmoja, wote wanne, na wa Manyoni akasema kwa utaratibu sana: "Amina. Haya, tumefika mbinguni wote, umefurahi?"

Nilicheka mpaka mteja pale dukani kwangu akaniuliza kuna nini.

Ukitaka kujua skwadi ilimsikiaje dogo yule, panda basi la Dar pale stendi ya Nanenane, hapa Dodoma. Likishatoka tu mjini anasimama mtu katikati ya siti, anasafisha koo, anafungua Biblia. Abiria hana pa kwenda. Hawezi kushuka, hawezi kuhama siti, na aliyekuwa anataka kulala amekwisha. Wapo wanaoitika amina kwa moyo, sikatai. Lakini wengi sadaka wanayotoa pale ni ya kumwomba akae. Maiki ya wote ndiyo hiyo. Umewakamata watu waliokuja kwa shughuli nyingine, halafu unahesabu ukimya wao kuwa ni kuguswa.

Mahali penyewe pa kuongea ni lobi, pale mnaposubiria mechi. Mechi ikiisha mnarudi pale, wahusika wenu wamesimama mstari mmoja na manguo yao ya ajabu, mnasubirina. Mmoja ameenda kuchomeka chaja, mwingine mama yake anamwita afunge geti, mwingine bando limekata anahangaika na kifurushi cha usiku. Watu wanapiga stori. Nani kafukuzwa kazi, nani kagombana na baba, nani kaachwa. Hakuna anayesikiliza hatua za mtu. Na aliyechoka na stori anatoka, mlango uko wazi. Petro alisema tuwe tayari kumjibu kila atakayetuuliza habari za tumaini letu, tena kwa upole. Kuulizwa kunataka mtu awe amekuzoea, na kuzoeana kwa skwadi kunafanyika lobi.

Nijitambulishe kwa wageni. Nina steshenari upande wa Ng'ong'ona, karibu na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Natoa kopi, nachapa, nabana ripoti za wanafunzi ambao wote wanakumbuka siku ya kukusanya ikiwa imebaki saa moja. Jumapili nafundisha watoto kanisani, sisi ni Waanglikana wa Dayosisi ya Central Tanganyika. Gemu nilifundishwa na mdogo wangu wa kiume, yeye akaacha, mimi nikabaki. Na mwanamke akifungua maiki kwenye skwadi ya watu asiowajua, aombe Mungu. Kuna wanaouliza namba kabla hawajauliza jina. Kuna wanaokwambia rudi jikoni. Kuna wanaotukana tu kwa raha zao. Mimi nilikuwa nawajibu, "Bwana asifiwe, adui yuko kaskazini," naendelea. Wengi waliondoka. Waliobaki walinipa jina la Mama Mchungaji, na wala sijaolewa, sembuse na mchungaji.

Wapo wanaodhani kuchanganya kanisa na gemu ni wazimu wa juzi. Si wa juzi. Mwaka 2004 huko Uingereza ilifunguliwa Church of Fools, kanisa la kwenye kompyuta lenye mabenchi na mimbari, kwa msaada wa Wamethodisti. Unaingia kama katuni, unakaa, unapiga magoti. Wahuni nao wakaingia. Wakapanda mimbarini kutukana, ikabidi wawekwe walinzi wa kuwatoa. Mwaka 2011 mtoto wa miaka 11 Mmarekani, Daniel Herron, alianzisha kanisa ndani ya Roblox, gemu ya mtandaoni, watoto wanasali na watoto wenzao. Mwaka 2016 Matt Souza naye akaanza GodSquad Church kwenye Twitch, mtandao wa kuonyesha gemu mubashara, kwa ajili ya wachezaji gemu ambao kanisani kwa kawaida wasingekanyaga. Nawaheshimu wote. Ila wao walijenga nyumba wakawaita watu waingie. Sisi huku ni wageni kwenye nyumba ya mtu, tena nyumba yenye bunduki, na mgeni ana adabu zake.

Halafu nyumba hizo zina mwenyewe. AltspaceVR, ambayo watu walikuwa wanafanyia ibada wakiwa wamevaa miwani ya kompyuta, Microsoft waliifunga Machi 2023, na waumini wakahamia kwingine na mizigo yao. Kila nikipita mjini nikaliona kuba la Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu nafikiri habari hiyo. Wale hawawezi kutuma tangazo kwamba mwezi ujao wanazima seva. Kwa hiyo namsihi kijana wangu: ukipata mtu huko kwenye gemu, mtafutie watu wa mtaani kwake. Usimweke kwenye akaunti.

Nirudi kwa wazee wetu, maana najua ndio watakaoletewa mashtaka. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza, "Binti, Mkristo anaamkaje asubuhi amepiga watu risasi usiku kucha?" Swali la haki. Nilimwambia ukweli kwamba kwangu mimi pale ni mchezo wa kujificha na kutafutana wenye makelele mengi, na kwamba nimekaa na vijana wale sijaona aliyegeuka mkatili kwa sababu ya Erangel. Hakuridhika, na simlazimishi. Yapo ya kuulizia zaidi ya risasi.

La kwanza ni kreti. Michezo hii haikuuzii nguo tu, inakuuzia nafasi ya kubahatisha nguo. Unalipa, unafungua, unapata takataka, unalipa tena. Ubelgiji mwaka 2018 mamlaka yao ya michezo ya kubahatisha ilisema maboksi ya namna hiyo kwenye gemu kadhaa walizozichunguza ni kamari, basi. Mimi sikuhitaji Mbelgiji kuniambia. Alikuja dukani mtoto wa darasa la sita na noti ya elfu kumi imekunjwa mpaka imekuwa punje, anataka nimnunulie UC, pesa ya ndani ya gemu. Nikamuuliza ya nani. Ya mama. Mama yake anauza mchicha na mlenda soko la Majengo, na ile ndiyo ilikuwa ya kwenda kuchukulia mzigo alfajiri. Nikamshika mkono tukaenda wote. Mtu akitaka kusimama mimbarini aseme neno kuhusu gemu, aseme hilo. Kamari ya kubeti tunaikemea kila wiki, na hii imeingia nyumbani imevaa katuni.

La pili ni usiku. Paulo mwenyewe alihubiri Troa mpaka usiku wa manane, kijana Eutiko kasinzia dirishani akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, wakamwokota amekufa. Mtume alimfufua. Mimi siwezi kumfufua mtu mwenye mtihani wa saa mbili asubuhi. Saa tano tunafunga, hata kama tunashinda. Wanalalamika sana.

La tatu sicheki nalo. Kwenye gemu hizi kuna watoto, na sauti haikwambii kila kitu, mwingine ana sauti nzito kumbe yuko darasa la saba. Ukishajua ni mtoto, kila unachomwambia kiwe kwenye maiki ya wanne, mbele ya wengine. Hakuna ujumbe wa pembeni. Hakuna "nitumie picha nikuombee." Hakuna kumuuliza anasoma shule gani na anapita njia ipi. Akikuletea jambo zito la nyumbani, mtafute mzazi au mlezi, au mama mmoja wa parishi asimame katikati yenu. Na kama wa kuogopwa ni huyo mzazi, nenda dawati la jinsia na watoto la polisi, usilifanye siri yako na yake. Mtu mzima anayemtafuta mtoto wa mwenzake faragha usiku, hata akiwa na Biblia mkononi, mimi namtoa kwenye kundi na ninasema sababu wote wakisikia. Kuna waliosema nimezidi. Sawa.

Na kuna Waislamu, ambao kwenye skwadi yangu ni nusu. Mmoja wao, kijana wa Kondoa, ndiye aliyenikumbusha habari ya mwaka 2020. PUBG Mobile waliweka kitu kinaitwa Mysterious Jungle, kulikuwa na visanamu msituni, mhusika wako akivisujudia vinakupa afya. Wachezaji Waislamu, hasa wa nchi za Ghuba, wakapiga kelele, watengenezaji wakaomba radhi na kukiondoa. "Sisi tulikataa," akaniambia, "nyie mlikuwa wapi?" Nikawaza Wakristo ninaocheza nao. Walikuwa wanajaza afya.

Basi mama yake huyo wa Kondoa akafariki. Alituambia lobi, kwa sentensi moja, akatoka. Tukachanga rambirambi kwa simu, hata mwenzetu mmoja wa Mombasa akatafuta njia ya kutuma, halafu tukasema wa karibu tuende. Tulikwenda wawili, mimi na wa Manyoni, ambaye aliamka usiku kunifuata Dodoma. Siku hizi barabara ni lami tupu, unafika Kondoa mapema. Tulikuwa hatujawahi kuonana sura, sisi kwa sisi. Pale stendi nilimtambua kwa jinsi alivyokuwa anagombana na mpiga debe, sauti ileile anayowapangia watu pa kushuka.

Msibani wanaume wakaenda kwao, mimi nikajifunga khanga nikaingia uani kwa akina mama. Nikapewa kisu na beseni la vitunguu. Ukikaa msibani na watu hawakujui, utaulizwa tu. Mama mmoja akaniuliza marehemu ni nani kwangu. Nikawaza nijibu nini, nikasema, "Nacheza gemu na mwanaye." Uani wakatazamana. Nikaona sasa natolewa. Lakini mama aliyekuwa anapepeta mchele pembeni akaacha kupepeta, akasema, "Sema tena." Nikasema tena. "Sauti hiyo! Wewe ndiye unayemwambia akalale!"

Alikuwa mama yake mdogo. Kumbe yule kijana hana hedifoni, anacheza kwa spika jikoni kwenye chaji, na marehemu na mdogo wake walikuwa wanakaa palepale wakichambua mboga. Walitusikiliza muda wote huo. Walijua nani mkali, nani mwoga, nani anadaiwa. Walijua ugomvi wangu na wa Manyoni kuhusu gari lililotumbukia mtoni. Mama mdogo akawaeleza wenzake, huku analia na kucheka, kwamba marehemu alikuwa akisikia mtu anatukana anauliza, "Yule wa Bwana asifiwe leo hayupo?"

Nilimenya vitunguu vyote. Kulia kukawa na kisingizio.

Kwenye ule msiba sikusema neno hata moja la kuhubiri. Siku za baadaye, tukiwa lobi tunamsubiri mtu wa chaja, kijana akaniuliza: "Mama Mchungaji, mbona kule nyumbani hukuniambia habari za Yesu? Nilikuwa nimejiandaa kabisa na majibu." Nikamwambia nilikuja kumlilia mama. Akakaa kimya. Halafu akasema, "Haya, niambie sasa, na majibu yangu bado ninayo." Hatukuanzisha mechi nyingine. Alinihoji kuhusu ufufuo, nikamjibu ninavyoamini. Akanieleza yeye anaamini nini kuhusu Isa, nikamsikiliza mpaka mwisho, maana ndiyo ilikuwa zamu yake. Wa Manyoni akawa anaingilia kutuamua kama refa. Bando langu ndilo lililomaliza mjadala.

Usiniulize aliokoka lini. Anaswali, na Ramadhani tunasogeza muda wa kucheza mpaka atoke tarawehe. Tunaendelea kuulizana. Aliyerudi kanisani ni wa Manyoni, ambaye sikuwahi kumwambia arudi. Alikuwa Mkristo wa jina, amekaa miaka bila kukanyaga. Sasa anapiga zeze kwenye kwaya yao na Jumamosi jioni hapatikani, ana mazoezi. Tumepoteza mtu anayesikia hatua vizuri kuliko wote.

Kwa sasa nina kesi nyingine. Nimeomba ukumbi wa parishi tufanye mashindano ya vijana siku ya Sabasaba, shule zimefungwa, na ule upepo wa Julai hautaki mtu akae nje. Wazee wamekubali kwa masharti: pasiwe na zawadi ya pesa, pasiwe na kiingilio, wazazi wakaribishwe kukaa nyuma waone, na yule mzee wa swali la risasi awe mgeni rasmi. Hilo la mwisho amelileta mwenyewe. Vijana wa Chang'ombe nao wamegoma PUBG, wanasema simu zao haziibebi, wanataka Free Fire, ambayo ni nyepesi, ina watu hamsini na mechi yake ni dakika kumi hivi. Hoja yao ina mashiko. Nimeipakua, kulenga bado kunanishinda, na kila anayenikuta ananimaliza. Mwenye uwezo aje anifundishe, nipo dukani mpaka saa mbili usiku. Wewe kijana wa parishi ya jirani nawe njoo, tunahitaji mtu wa kupanga viti na wa kuongea na wazazi.